Punda wa babangu hali chakula tangu mwenziwe afe, na mimi nina swali

Binti_Langoni (mleta uzi), Jumamosi saa 4 usiku

Assalaam aleikum wakuu. Uzi ni mrefu, asiye na subira apite salama.

Babangu ana punda wawili. Alikuwa nao wawili, niseme hivyo. Watu wa Amu (Lamu) mnaelewa: punda ndiye lori letu, ndiye anayepandisha mawe na simiti kutoka gatini mpaka kwenye vichochoro ambavyo hata mkokoteni unakwama. Bahasha na Kisiki wamekaa kwetu miaka kumi na moja. Bahasha alikuwa na baka jeupe la pembe nne kwenye paji, ndipo jina lilipotoka. Kisiki jina lake halihitaji maelezo kwa yeyote aliyewahi kumvuta. Wakivuliwa shogi (matandiko ya mizigo) mchana walikuwa wakienda chini ya mkwaju wetu wa uani, wanasimama kichwa cha huyu kwenye mkia wa yule, kila mmoja anamfukuzia mwenziwe nzi usoni.

Jumatano Bahasha alishikwa na tumbo. Alfajiri anajigaragaza, kabla ya adhuhuri ametulia, na ule haukuwa utulivu wa kupona. Ami akaleta vijana na kamba wamtoe haraka kabla jua halijawaka. Baba akasimama mlangoni akawazuia. "Mwateni amuone mwenziwe." (Mwacheni, kwa msio wa Amu.)

Kisiki akaja. Akamnusa pua, akamnusa masikio. Akamshika manyoya ya shingoni kwa meno akayavuta vile alivyozoea kumkuna, halafu akatulia kama anayengoja zamu yake ya kukunwa. Akavuta tena. Akangoja tena. Watu wazima sita tumesimama tunamtazama punda, hakuna aliyekohoa. Baada ya nusu saa hivi akageuka mwenyewe akaenda chini ya mkwaju, akasimama upande wake uleule, upande wa pili akauacha mtupu.

Tangu siku hiyo hali. Na baba amehamia uani: mkeka, mto na redio. Anamkuna pale shingo inapoungana na mgongo, saa nzima, huku anamnong'oneza maneno ambayo hatuyasikii. Mama jana alisema kwa sauti ya kutusikizisha wote, "Miaka thalathini na nne, mimi sijanong'onezwa."

Tulicheka. Mimi sikucheka sana. Nina miaka ishirini na sita, ni kitinda mimba, na sikumbuki babangu kunikumbatia tangu nipate akili. Sasa swali langu, na nataka majibu ya kweli. Hawa wanyama wana mapenzi, au ni sisi tunaowavisha kanzu zetu? Na mtu anayejua kumbembeleza punda hivi, kwa wanawe alishindwa na nini?

Mkunja_Jamvi, saa 4:10

Nimeweka kigoda. Endeleeni.

Daktari_wa_Kwato, saa 4:31

Binti, falsafa baadaye. Hali tangu Jumatano na leo ni Jumamosi? Kesho asubuhi, kabla hata ya chai, mpelekeni zahanati ya punda pale ufuoni mjini. Ile ya The Donkey Sanctuary ya Uingereza, ipo Lamu tangu 1987, na matibabu hawatozi.

Nieleze kwa nini nina haraka. Punda si ng'ombe. Punda aliyeacha kula kwa huzuni, au hata kwa kuhamishwa tu nyumba, mwili wake huanza kuyeyusha mafuta yake wenyewe na kuyamwaga kwenye damu. Ini linazidiwa, figo nazo zinafuata. Ukimtoa damu ukaiacha itulie kwenye kichupa, sehemu ya juu inakuwa na ukungu kama maji yaliyotiwa maziwa. Nimeona punda mwenye afya, mwenye nyama zake, akifa wiki moja baada ya mwenziwe, na wenyewe wanasema "amekufa kwa mapenzi". Ndiyo na hapana. Amekufa kwa mafuta kwenye damu, lakini aliyefungua bomba ni huzuni.

Kisha mfikishie mzee salamu zangu, kwa sababu alichofanya mlangoni ndicho tunachowafundisha watu kila siku. Punda akifa, mwache aliyebaki akae na maiti mpaka achoke mwenyewe. Ukimwondoa haraka, aliyebaki humtafuta: anazunguka, analia, anasimama langoni. Mzee hakusoma popote, anajua tu.

Na pale anapomkuna pia si pa kubahatisha. Mwaka 1993 watafiti walipima mapigo ya moyo ya farasi huko Ufaransa. Wakikunwa shina la shingo, karibu na bega, moyo ulipunguza kasi. Wakikunwa mahali pengine, moyo haukujali. Farasi na punda wakikunana wenyewe kwa wenyewe huenda palepale. Kwa hiyo babako anazungumza lugha yao, na lafudhi yake ni nzuri.

Ukweli_Mchungu, saa 4:50

Pole kwa msiba wa punda, lakini wakuu tusidanganyane. Mnyama hana mapenzi. Ana njaa, ana hofu, ana mazoea. Yule aliyebaki amezoea kufukuziwa nzi, sasa nzi wamezidi. Paka wako anakupenda? Acha kumpa vichwa vya samaki siku tatu uone kama hajahamia kwa jirani.

Mama_Mofa, saa 5:02

@Ukweli_Mchungu na wewe mkeo akiacha kupika siku tatu tutakukuta wapi?

Mkunja_Jamvi, saa 5:03

😂😂 kigoda kimeanguka

Mama_Mofa, saa 5:20

Nikae vizuri sasa, maana paka ndio fani yangu. Nyumbani kwangu Mkomani nina wanne ninaowajua kwa majina, na wengine wanakuja kwa zamu.

Paka akikusugua shavu lake mguuni, kwenye shavu mna harufu yake ambayo sisi hatuinusi. Anakupaka. Paka wanaoishi pamoja hupakana hivyo mpaka nyumba nzima inakuwa na harufu moja, harufu ya jamaa. Akikupanda mapajani akaanza kukukanda kwa mikono miwili kama anayekanda unga wa mofa, hilo ni la utotoni: kitoto hukanda ziwa la mama ili maziwa yashuke. Amekuwa jitu zima, meno kama misumari, na bado akistarehe mwili unarudi kule.

Lakini zuri kuliko yote ni la macho. Paka akiwa mbali kidogo, mtazame, kisha fumba macho polepole kama mtu anayeshikwa na usingizi, ufumbue polepole. Mara nyingi atakujibu vilevile. Mimi nilidhani ni upuuzi wangu mwenyewe wa barazani mpaka 2020 watu wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walipolifanyia majaribio. Paka waliofumbiwa macho polepole walirudisha, na hata mtu wasiyemjua akifanya hivyo walimsogelea zaidi kuliko akiwakodolea tu. Kwa paka kukodoa ni ugomvi. Kufumba ni kama kusema, nimekuamini kiasi cha kutokukuangalia.

Onyo: akilala chali akakuonyesha tumbo, hajakwambia umshike. Nina makovu.

Ukweli_Mchungu, saa 5:33

Umejijibu mwenyewe dada. Anakupaka harufu, yaani anakutia mhuri kama mali yake. Huo ni umiliki.

Mama_Mofa, saa 5:35

Na pete ya ndoa ni nini, kipimo cha kidole?

Sabaki_Kwetu, saa 5:58

Nipo Malindi, nisalimieni Amu.

Naona hakuna aliyemtaja Owen, yule kiboko, na yeye ni mtoto wa kwetu. Desemba 2004 nilikuwa shule ya msingi. Mvua ilikuwa imenyesha kubwa huko juu, Sabaki ikafurika, ikashuka na viboko mpaka mdomoni mwa mto. Watu wengi husimulia kwamba tsunami iliwatoa mtoni, si kweli, mto wenyewe ndio uliowashusha. Tarehe 26 mawimbi yakaja, na siku ya pili akaonekana kiboko mtoto peke yake kwenye miamba, hana mama, hana kundi, maji ya chumvi pande zote. Mji mzima ulikuwa ufuoni. Nyavu, kamba, makelele, kila mtu fundi. Kilo kama 270 zile, halafu zinateleza. Mwisho akashikwa, akapewa jina la mmoja wa waliomkamata, akapakiwa kwenye gari mpaka Haller Park, Bamburi.

Alipofunguliwa tu, katika wanyama wote waliokuwa pale, alimkimbilia kobe. Si kobe wa kuwekwa kiganjani. Ni kobe mkubwa wa Aldabra, kule Shelisheli, anaitwa Mzee, umri wake ulikadiriwa kuwa miaka 130. Owen akajificha nyuma yake vile mtoto wa kiboko anavyojificha nyuma ya mama. Mzee akafoka, akasogea. Owen akamfuata. Akasogea tena. Siku chache baadaye wanalala pamoja, wanaogelea pamoja, Owen anamlamba kichwa, na mzee wa watu anarefusha shingo alambwe. Wakawa na hata namna ya kupelekana: huyu anamwuma yule kidogo mguuni, yule anaelewa, wanaondoka.

Sasa ndugu yangu Ukweli Mchungu, kobe ni mnyama wa kukaa peke yake. Hanyonyeshi, halei, akishataga hageuki nyuma. Alikuwa anakula nini kwa Owen?

Ukweli_Mchungu, saa 6:15

Hapo nakubali kobe ananisumbua. Owen hanisumbui. Mtoto wa kiboko hushikana na mama kwa miaka, amempoteza, ameona kitu cha mviringo, kikubwa, rangi ya udongo, akadhani ndiye. Ni makosa ya macho.

Sabaki_Kwetu, saa 6:18

Makosa ya macho ya zaidi ya mwaka mzima? Mpaka walipomtenga akawekwa na kiboko jike?

Nahodha_wa_Faza, Jumapili saa 12 asubuhi

Nimesoma yote baada ya sala. Kwa habari ya "anakula nini kwake", nileteni baharini.

Mimi ni mtu wa pweza tangu utoto. Kuna pweza unayemkuta pangoni, ukimtia chuma anakuja mbio, anapigana, anamwaga wino, anakimbia. Na kuna pweza ambaye hakimbii. Unamkuta amejibanza, amepauka, mikono imelegea, ngozi kama kitambaa kilichofuliwa sana. Huyo ni mama. Ukichungulia utaona juu ya pango mayai yananing'inia kama vishada vya shanga nyeupe. Anayapulizia maji usiku na mchana yasikose hewa, anayapangusa kwa mikono yasiote uchafu, na hali kitu. Kaa akipita mbele yake hamgusi. Mayai yakianguliwa yeye amekwisha, kufa ni jambo la siku hizo hizo.

Baba yangu alinikataza kumchukua huyo. Sababu aliyonipa haikuwa huruma, alisema nyama yake haina ladha. Nilipokuwa mtu mzima nikamwonja mmoja kwa bahati mbaya. Kweli haina, amejila mwenyewe ndani.

Sasa sijui kama yule ana mapenzi, Mungu ndiye ajuaye. Watoto wake hatawaona, wala wao hawatamjua. Lakini mtu akiniambia ni mazoea, namuuliza, mazoea ya nini? Anazaa mara moja tu.

Ukweli_Mchungu, saa 2:40 asubuhi

Hiyo ni maumbile, nahodha. Imeandikwa mwilini.

Nahodha_wa_Faza, saa 2:44

Na ya mkeo imeandikwa wapi, ukutani?

Mtu_wa_Kigoma, saa 3:05

Shikamooni wakubwa, mimi Mtanzania napita tu, ila kwenye maumbile nisiache neno. Gombe, hifadhi ya sokwe, ipo kwetu. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alifika pale 1960, na moja ya mambo yaliyowashangaza watu ni kwamba sokwe hushikana mikono, hukumbatiana, hubusiana, hasa baada ya kugombana. Wakitulia wanachambuana manyoya, na si kwa ajili ya chawa pekee. Anayekuchambua ndiye atakayesimama na wewe siku ya fujo.

Palikuwa na sokwe mama, Flo. Alikufa 1972 akiwa mzee. Mwanawe Flint alikuwa na miaka minane hivi, umri wa kujitegemea kabisa. Akaacha kula, akajitenga, akawa anarudirudi mahali mama alipofia. Wiki chache baadaye naye akafa. Nilipoisoma habari ya Kisiki hapo juu, nikaona nimeshaisoma.

Jambo moja la tahadhari lakini. Sokwe akikuonyesha meno yote kama anacheka, hacheki. Ameogopa. Wale wa kwenye picha na matangazo ya zamani, wengi walikuwa na hofu na watu wakadhani wanatabasamu. Kwa hiyo Ukweli Mchungu ana haki kidogo: kuvisha kanzu zetu kupo, na wakati mwingine kunamwumiza aliyevishwa.

Ukweli_Mchungu, saa 3:12

Asante mkuu. Nilikuwa naona nimekaa kwenye baraza peke yangu.

Kijana_Shela, saa 5 asubuhi

Mmesahau swali la pili la mleta uzi. Mimi nadhani wazee wetu walikosea tu, tuseme ukweli. Mke wangu namwandikia nakupenda kila siku WhatsApp, asubuhi na jioni, na maua.

Mke_wa_Mtu_Shela, saa 5:25

Na gesi imeisha leo siku ya tatu.

Mkunja_Jamvi, saa 5:26

Subhanallah. Kigoda nimekirudisha dukani, nasimama.

Mkunga_Mstaafu, saa 8 mchana

Nimecheka peke yangu kama mwendawazimu.

Kijana hajakosea moja kwa moja. Neno lina kazi yake, na kuna watu wanakufa kiu ya neno. Ila mimi nimefanya kazi wodi ya wazazi, nimejifunza kwamba ngozi inatangulia neno. Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, kilo moja na nusu, tunamvua nguo tukamweka kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, tukawafunga kwa leso. Tunaita mtindo wa kangaruu. Ulianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa sababu mashine za joto hazikutosha. Kumbe kifua cha mama kinapasha joto vizuri, moyo wa mtoto unatulia, pumzi inakaa sawa, ananyonya mapema.

Na kifua cha baba kinafaa vilevile. Hapo ndipo nilipoona mengi. Mwanamume wa kwetu, jeuri wa baharini, unamwambia avue shati ashike kitoto cha kilo moja na nusu, anatazama mlango. Anaona haya. Akishawekewa, baada ya dakika kumi ukirudi unamkuta hapumui sawasawa asije akamwamsha. Nilikuwa na mmoja aliimba. Alidhani sikusikia.

Sasa wengi wa hao hao, mtoto akifika miaka saba, hasa wa kike, mikono inarudi nyuma. Anaona haya, anaogopa kudekeza, anaona heshima ni kuwa mbali. Mapenzi hayajaondoka. Yamekosa mlango. Kwa punda mlango uko wazi: hakuna wa kumcheka, na punda hatakwenda kusimulia.

Msomi_wa_Siyu, saa 9:10

Hapo mkunga umenikumbusha Mwana Kupona, aliyeolewa na Bwana Mataka wa kwetu Siyu. Ni 1858, yuko kitandani, maradhi yametimiza mwaka. Anamwita bintiye, Mwana Hashima, aje na wino na karatasi. Jambo la kwanza analomtaka afanye ni asogee karibu. Halafu anaanza kumpa wosia, beti zaidi ya mia moja: adabu, swala, namna ya kukaa na mume, na mwisho dua kwa wanawe. Yaliyomo mengine nitabishana nayo mpaka kesho, hasa ya kukaa na mume. Lakini fikiria mgonjwa anayetunga shairi la mizani na vina akiwa katika hali ile. Kwa watu wa kizazi kile, kukuusia ndiko kukukumbatia. Ndiyo maana wazee wakikupenda wanakuchosha kwa nasaha.

Wa_Barazani, saa 10

Mimi nina moja tu. Mtume (s.a.w.) alimbusu mjukuu wake Hasan, na Al-Aqra bin Habis alikuwa amekaa hapo. Akasema, mimi nina watoto kumi, sijambusu hata mmoja. Mtume akamtazama, akamwambia asiyehurumia hahurumiwi. Hadithi hii tunaisoma misikitini, tunatikisa vichwa, tunarudi nyumbani tunawapa watoto mkono wabusu wao. Yaani busu kwetu linapanda tu, halishuki.

Na mpenzi wa paka hapo juu, Abu Huraira jina hilo maana yake ni baba wa kapaka. Uko kwenye mapokeo mazuri.

Mama_Mofa, saa 10:20

Binti, nikurudie wewe. Umetuambia babako hakukumbatii. Hujatuambia chakula chenu kinaliwaje. Mnakula sinia moja au kila mtu sahani yake? Mkila, mtazame mikono yake, usimtazame uso. Kisha urudi hapa.

Binti_Langoni, Jumapili saa 3 usiku

Nimerudi. Nianze na Kisiki, kwa ajili ya daktari.

Tumempeleka asubuhi. Alikataa kutoka uani, vijana watatu wanavuta, jina si la bure. Baba akawaambia waache kamba, akatangulia yeye kwa mwendo wake bila kugeuka nyuma, Kisiki akamfuata mpaka ufuoni. Walimtoa damu, na ni kweli daktari, ilipotulia kwenye kichupa ilikuwa na ukungu. Si mwingi, wamesema tumewahi. Wakampitishia mrija puani wakampa maji na lishe. Wakatwambia tusimwache peke yake, tumtafutie mwenziwe wa kukaa naye hata kama ni wa kuazima, na tumpe anachokipenda kwa kidogo kidogo.

Ami ameleta punda wake mkongwe, jike, hata jina hana. Amefungwa upande wa pili wa mkwaju. Kisiki hajamsogelea, lakini masikio ameyaelekeza huko.

Sasa ya sinia. Tunakula pamoja, ndiyo. Leo ilikuwa wali na tafi wa kuchoma, na tafi mnamjua kwa miiba. Nikamtazama mikono kama ulivyosema. Baba anachambua samaki huku anazungumza habari za bei ya pumba, hatazami. Nyama ikishatoka na miiba anaisukuma kwa kidole gumba. Kwanza upande wa mama. Kisha upande wangu. Yeye amekula wali na mkia. Shavu la samaki, ile nyama laini ya chini ya jicho, lilikuwa upande wangu, na nikakumbuka kwamba maisha yangu yote sijawahi kuchambua tafi. Nina miaka ishirini na sita, nimekwenda kusoma Mombasa miaka mitatu, na huko nilikuwa nasema sipendi tafi ana miiba mingi. Nyumbani sikuwahi kumwona na miiba.

Nikashindwa kumeza. Mama akauliza, mwiba? Nikasema, hapana.

Nahodha_wa_Faza, saa 3:15

Chumvi imeingia machoni, nipeni dakika.

Ukweli_Mchungu, saa 3:22

Sina la kusema juu ya tafi. Ila bado angeweza kusema siku moja. Simtetei kwa hilo.

Mkunga_Mstaafu, saa 3:30

@Ukweli_Mchungu hapo niko na wewe. Alipe vyote viwili.

Binti_Langoni, Jumatatu saa 2 asubuhi

Wakuu, jana baada ya kuandika nilitoka uani. Baba amelala ubavu mkekani, redio inakoroma. Nikakaa pembeni ya mkeka bila kusema kitu. Akasogea, akanipa nusu ya mto. Tukakaa. Baadaye Kisiki akaja akasimama juu yetu, na mimi nikanyoosha mkono nimkune kichwani. Baba akaushika mkono wangu kwenye kiganja, akausogeza mpaka kwenye shina la shingo, akasema, "Hapa. Na usimkune upesi upesi." Mkono wake ukabaki juu ya wangu kama dakika nzima, tunakuna wawili. Mkono mkavu kama kamba ya nazi. Kisiki akalegeza mdomo wa chini ukawa unatetemeka.

Alfajiri tumemkuta amesimama upande wa pili wa mkwaju, karibu na yule mkongwe. Kichwa kwenye mkia. Na pumba konzi mbili zimeliwa.

Daktari_wa_Kwato, saa 2:06

Alhamdulillahi. Ni yeye aliyekula au mkongwe?

Binti_Langoni, saa 2:09

Ni yeye. Baba alikuwa macho, amemwona.

Daktari_wa_Kwato, saa 2:10

Amekunya?

Binti_Langoni, saa 2:40

Amekunya. Baba ameniita nitoke nikaangalie.